Bahari Ndani ya Miwani

Kama una ndugu au jirani aliyekwenda Uingereza au Marekani kutafuta maisha, usishangae ukisikia kazi yake ni kulea wazee. Ndiyo kazi iliyowapokea wengi wetu huko. Siku hizi, mbali na kuogesha, kulisha na kugawa dawa, baadhi yao wanakabidhiwa kifaa kipya: miwani mikubwa myeusi, mfano wa ya mpiga mbizi, inayoziba macho kabisa. Mzee akivikwa, chumba kinatoweka. Akigeuza shingo anaona msitu. Akiinua kichwa, matawi. Wanaita uhalisia pepe.

Wanaoiuza wanasema ni tiba kwa wazee walioanza kuponyokwa na kumbukumbu. Neno hilo, tiba, ndilo lililonileta kwenye kipaza sauti leo.

Twende Northampton, Uingereza, kwenye hospitali ya St Andrew's, ambako wagonjwa hukaa kwenye wodi zinazofungwa, na kutoka nje si jambo la kila siku. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kent, wakiongozwa na Dk. Jim Ang, waliwapelekea miwani hiyo wagonjwa 8 wa dimenshia, yaani maradhi yanayodhoofisha kumbukumbu na akili, mdogo wao akiwa na miaka 41 na mkubwa 88. Kulikuwa na sehemu tano za kuchagua: kanisa kuu, msitu, ufukwe wa mchanga, ufukwe wa mawe na mashambani. Matokeo yalitolewa mwaka 2019. Wapo waliotaka kuzunguka kote, na wapo waliorudi palepale kila mara, kama mzee mwenye kiti chake barazani. Mmoja aliona daraja, akakumbuka safari yake ya likizo ya zamani. Mwingine, kwenye darasa la kuchora wiki kadhaa baadaye, alichora bahari.

Watu wanane hawajazi hata daladala, najua. Lakini lile daraja halinitoki kichwani.

Maradhi ya Alzheimer, ambayo ni aina mojawapo ya dimenshia, kwa kawaida huanza kula mambo ya jana na juzi, na ya zamani hubaki kwa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana bibi anauliza mara ya tano kama amekula, ilhali rangi ya kanga aliyovaa siku ya harusi anakutajia bila kusita. Bibi huyo yupo Northampton, na yupo Tandale, Dar es Salaam: Shirika la Afya Duniani lilihesabu wagonjwa milioni 57 wa dimenshia mwaka 2021, na zaidi ya asilimia 60 wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwetu huambiwa ni uzee tu, yakaishia hapo.

Sasa, daraja lile lilifaa nini? Lilimpa mhudumu swali la kuuliza. Lilikuwa wapi? Ulikwenda na nani? Watafiti wenyewe walisema wauguzi waliwajua watu wao upya, maisha yao kabla ya wodi. Kwa maoni yangu, dawa, kama ipo, imo kwenye mazungumzo hayo.

Marekani, Chuo Kikuu cha Stanford kilishiriki utafiti wa wazee 245, wenye miaka 65 hadi 103, katika makazi 17. Karibu asilimia 80 walisema wamechangamka baada ya kuvaa miwani. Vizuri sana. Ila hapo waliulizwa habari za hisia, upweke na furaha. Anayezichukua takwimu hizo akauzia watu dawa ya kusahau, anauza kisichopimwa.

Na miwani yenyewe ina adha. Nyingine inakaribia nusu kilo, shingo ya mzee ikaibeba. Macho yanasema tunatembea, sikio la ndani linasema tumekaa, kichefuchefu kikaja. Kisha kuna hofu: mtu ambaye tayari hajui yuko wapi, unamziba macho, anafumbua yuko kando ya bahari. Anahitaji mkono wa kushika na sauti ya kumwambia, "Bibi, niko hapa, tunaangalia picha."

Ninachokiogopa zaidi ni meneja mwenye wahudumu wachache. Mzee aliyevalishwa miwani hasumbui. Haiti mtu, hagongi mlango. Nusu saa inapita kimya, na kwenye ripoti inaandikwa: amepata tiba. Huko ni kumfungia mtu mara ya pili.

Kwa hiyo wewe uliye ugenini, unayetusikiliza kwa intaneti kabla ya kuingia zamu: ukimvika mzee miwani, vuta kiti ukae naye. Ukimvua, muulize ameona nini. Akitaja daraja, liandike kwenye faili lake, mwenzako wa zamu ya usiku aanzie hapo.