Dagahaley: Kambi Yenye Uchumi wa Mji

Leo tuko Dagahaley, mojawapo ya kambi za Dadaab, Kaunti ya Garissa. Tutatazama watu wake na riziki yao.

Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, maelfu walivuka mpaka. Ifo ilifunguliwa mwaka huohuo. Dagahaley na Hagadera zikafuata mwaka 1992. Kambi hizo tatu zilikusudiwa watu 90,000 kwa jumla. Ukame wa 2011 ulipopiga, waliojaa Dadaab walizidi 400,000.

Wengi wa wakazi ni Wasomali, na zaidi ya nusu ni watoto. Wapo vijana waliozaliwa hapohapo na sasa wanalea wana wao. Ndiyo maana shule na wodi za wazazi hazipumziki.

Na riziki? Msingi ni msaada. Mwaka 2016, sehemu ya mgao ilianza kuja kwa simu kupitia mpango wa Bamba Chakula: familia zilipokea fedha za kununulia chakula kwa wachuuzi wa kambini. Wafugaji wa jirani nao huleta mbuzi na maziwa ya ngamia, kisha hurudi na sukari na unga. Jamaa walioko ughaibuni hutuma pesa kwa mfumo wa hawala. Utafiti uliofanywa mwaka 2010 kwa ajili ya Kenya, Denmark na Norway ulikadiria kwamba biashara za kambi za Dadaab ziliuza bidhaa za dola milioni 25 kwa mwaka, na wenyeji walinufaika kwa takriban dola milioni 14.

Lakini mgao ukipunguzwa, mwenye duka huona kwanza: daftari la madeni hurefuka, naye mfugaji hukosa mnunuzi. Tena mkimbizi haendi Garissa mjini bila kibali cha kusafiri, na aliyeajiriwa na mashirika ya misaada hulipwa posho tu. Ukataji wa kuni nao umepunguza miti, jambo linalowaudhi wenyeji.

Sheria ya Wakimbizi ya 2021 ilifungua mlango wa kazi na biashara, na mpango wa serikali uitwao Shirika, uliozinduliwa mwaka 2025, unalenga kugeuza kambi kuwa makazi ya wakimbizi na wenyeji pamoja.

Basi, msikilizaji wa Garissa, kikao cha bajeti ya kaunti kikiitishwa, nenda ukaulize: visima, barabara na soko la Dagahaley vimetengewa nini? Penye wanunuzi wengi hivi, mfugaji wa Garissa ana haki ya kujua.