Shamba Lililolisha Maskini



Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1834 iliagiza maskini watunzwe katika nyumba maalumu, nao wafanye kazi. Huku kwetu Afrika ya Mashariki, mfano ulio karibu na huo ulikuwa Bagamoyo. Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walifungua makazi ya watumwa waliokombolewa. Wengi wao walikuwa watoto wasio na jamaa.

Walisoma, tena walilima, maana shamba ndilo lililokuwa ghala lao. Waliooana walipewa nyumba kijijini na kipande cha ardhi. Mwaka 1872 tufani kali iliangusha majengo na minazi. Wakajenga na kupanda upya. Vita vya Abushiri vilipozuka mwaka 1888, maelfu ya wakimbizi walipata hifadhi hapo.

Hata hivyo, aliyekombolewa hakuwa na uhuru kamili: kazi alipangiwa, na mavuno ya shamba kubwa hayakuwa yake. Kipande alichopewa ndicho alichojilimia mwenyewe. Anayelishwa hushiba leo. Mwenye shamba lake hushiba na mwakani.