Nani Aliyemwalika Panya?



Nataka kusema nanyi habari za wageni wanaoingia nyumbani mwetu pasipo kubisha hodi: panya, mende na kunguni. Watu wengi hudhani ya kuwa viumbe hawa huja kwa bahati mbaya tu. Sivyo. Mara nyingi sisi wenyewe ndio tunaowaita.

Mende hufuata makombo, mafuta na maji yaliyoachwa jikoni usiku. Kunguni hajali kama nyumba ni safi au chafu, maana chakula chake ni damu yetu; husafiri ndani ya masanduku, na ndani ya vitanda na magodoro makuukuu tunayoyanunua. Panya naye hutafuta mambo mawili: chakula na mahali pa kujificha. Gunia la mahindi lililowekwa uvunguni mwa kitanda humpa yote mawili.

Jambo hili si la kuchekwa. Mwaka 1902 tauni ilizuka Nairobi, mji ungali mchanga, na mtaa wa maduka uliosongamana ukachomwa moto kwa amri ya serikali. Tauni huenezwa na viroboto. Kiroboto humwuma panya mgonjwa, na panya akifa humwacha na kumrukia mtu. Kwa hiyo mwonapo panya wengi wamekufa pasipo sababu, msiwashike kwa mikono. Pelekeni habari upesi kwa Bwana Afya.

Wengine watasema, "Tutatega mitego na kutia sumu." Ni vema, lakini haitoshi. Panya jike huchukua mimba kwa muda wa majuma 3 hivi, naye huzaa watoto wengi kwa mara moja. Ukiua kumi na kuacha chakula wazi, waliosalia watazaa na kuijaza nyumba tena.

Basi fanyeni hivi. Nafaka iwekwe katika ghala iliyoinuliwa futi 3 kutoka ardhini, na kila mguu wake uvishwe bati ili panya asiweze kupanda. Wakaao mijini watie unga katika debe lenye kifuniko. Vyombo vioshwe kabla ya kulala, takataka zizikwe, matundu ya ukuta yazibwe, na kitanda kikuukuu kikaguliwe vizuri kabla ya kuingizwa chumbani. Tena majirani washirikiane, maana panya akifukuzwa nyumba hii huhamia ile.

Tukiondoa karamu, wageni hao wataondoka.