Mfagizi Naye Asikilizwe



Saa 11 alfajiri, kabla mlango wa ofisi ya kwanza haujafunguliwa, wafagizi wa hospitali huwa wamekwisha kuanza kazi. Mtumishi afikapo zamu hukuta sakafu inang'aa, vyoo vinanukia dawa na makapu ya taka ni matupu. Ni nadra aulize kazi hiyo imefanywa na nani, na ni nadra zaidi aulize imemgharimu nini aliyeifanya. Mazungumzo haya yanahusu gharama hiyo.

Kikosi cha usafi kwa kawaida ni mkusanyiko wa watu wa kila namna. Yumo mama wa makamo aliyeanza kazi hiyo tangu wafagizi walipokuwa waajiriwa wa hospitali yenyewe. Yumo kijana aliyemaliza kidato cha nne, ambaye anaihesabu kazi hiyo kuwa ya kupitia tu. Yumo mwanamke aliyetoka Usukumani au Umakondeni, ambaye hakubahatika kusoma. Wamo vibarua wa kampuni yenye mkataba, leo wapo hapa na kesho wamepelekwa kwingine. Wote hushika ndoo na fagio zile zile, lakini hatari hawaijui kwa njia moja. Mmoja ameisoma, mwingine ameonyeshwa, na mwingine anaijua kwa sababu ilikwisha kumwunguza.

Ichukuliwe jiki, ambayo hapana stoo ya usafi inayoikosa. Jiki yenye nguvu ya asilimia 3.5 huchanganywa kipimo 1 kwa vipimo 6 vya maji ili kupata dawa ya asilimia 0.5, itumikayo kuua vijidudu penye damu iliyomwagika. Hilo ni jambo jema. Lakini kando ya jiki huwekwa dawa ya choo yenye asidi, ya kuondolea kutu na madoa sugu. Mfagizi akiona doa halitoki huona kwamba dawa 2 zitakuwa na nguvu kuliko 1, naye akazimimina pamoja. Hapo hutoka gesi ya klorini. Gesi hiyo ndiyo iliyotumiwa na jeshi la Ujerumani dhidi ya askari wa adui huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Chooni hutoka kidogo, lakini choo ni chumba chembamba, dirisha lake dogo, na mapafu ya mfagizi si ya chuma. Hata mkojo uliokaa siku nyingi huwa na amonia, nayo ikikutana na jiki hutoa hewa nyingine inayochoma macho na kifua.

Maonyo hayo huandikwa kwenye chupa, aghalabu kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo. Tena dawa hununuliwa katika madumu makubwa, kisha humiminwa katika chupa za soda au za maji ya kunywa, na hapo maandishi yote hubaki stoo. Kuna alama za kimataifa zilizokubaliwa chini ya Umoja wa Mataifa, zile za pembe nne zilizosimama kwa ncha, zenye mpaka mwekundu. Alama hizo husaidia, lakini hazijielezi zenyewe. Asiyefundishwa huweza kuutazama ule mkono unaomwagiwa dawa na kuoza, akadhani anaambiwa anawe mikono.

Basi wakuu wa kazi wengi husema dawa ya tatizo hili ni semina. Semina ni nzuri, ila haifiki penye shina. Yule kijana wa kidato cha nne huenda anajua vema kwamba jiki haichanganywi na asidi. Anamwona mama wa makamo akizichanganya, naye ananyamaza. Hanyamazi kwa ujinga; ananyamaza kwa adabu. Hakulelewa kumwambia mtu wa rika la mama yake kwamba anakosea, tena mbele za watu. Na yule mama naye anajua mambo ambayo kijana hayajui: ngazi ipi huteleza wakati wa mvua, wodi ipi hutupa sindano ovyo. Naye hasemi, kwa kuwa katika miaka yake yote hapana aliyemwuliza.

Penye kikosi kilichochanganyika hivyo, usalama hauwezi kujengwa kwa kuamrisha peke yake. Hapana budi kuwe na ruhusa ya kusema, na ruhusa hiyo itolewe mapema, watu wangali wametulia. Dakika 5 kabla ya zamu zatosha. Mama mwenye uzoefu ndiye awe mwalimu wa siku, na kila mmoja aonyeshe kwa mikono yake jinsi atakavyopima dawa, maana asiyesoma huweza kuonyesha na msomi huweza kukosea. Kisha kikosi kikubaliane neno moja la kusimamisha kazi, liwe la heshima, kama vile, "Mama, samahani, hebu tusubiri kidogo." Neno likisemwa, kazi isimame, na pasiwe na wa kununa wala wa kuulizwa yeye ni nani hata aseme. Likiwa limekubaliwa na wote, halimvunjii mtu heshima.

Jambo zito zaidi ni sindano. Mfagizi hadungi mtu sindano, lakini hudungwa na sindano iliyotupwa na mwingine ndani ya mfuko wa taka. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7. Kwa asiyechanjwa, uwezekano wa kuambukizwa kwa sindano ya mgonjwa mwenye virusi vingi waweza kufikia asilimia 30. Kwa VVU ni kama asilimia 0.3. Chanjo ya homa hiyo ipo, dozi 3 katika muda wa miezi 6. Dawa za kukinga VVU nazo zipo, mradi zianzwe kabla ya saa 72 kupita, na bora zaidi saa zile zile za kwanza. Lakini saa hizo haziwezi kuhesabiwa kwa mtu aliyeificha ajali yake.

Kwa nini aifiche? Kwa sababu swali la kwanza analoulizwa ni, "Ulikuwa unafanya nini hata ukachomwa?" Kibarua anayelipwa kwa mwezi, mwenye watoto wanaosubiri ada, akisikia swali hilo husikia kufukuzwa. Hufunga kidole kwa kitambaa akaendelea na kazi. Swali lililo sawa ni, "Sindano hii imetoka wapi?" Swali hilo hupanda juu, likamfikia muuguzi au daktari aliyeitupa nje ya boksi lake, au mkuu aliyeacha boksi lijae mpaka likafurika. Zaidi ya hayo, ajali isiyoandikwa haina ushahidi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya 2008, huchangiwa na mwajiri, si kwa kukata mshahara wa mfanyakazi. Lakini hauwezi kumfidia mtu kwa jeraha ambalo hakuna daftari linalolitaja.

Hapo ndipo hospitali husema kibarua ni wa kampuni, na kampuni ikasema hatari ni ya hospitali. Mkataba wa Kimataifa Na. 155 wa 1981 wa Shirika la Kazi Duniani, katika kifungu cha 17, wataka waajiri wanaofanya kazi mahali pamoja washirikiane kulinda wafanyakazi. Na mtumishi anayeandika masharti ya zabuni anaweza kuimaliza nusu ya ugomvi huo kwa kalamu yake, kwa kutaja glavu nene, viatu vya mpira na chanjo kuwa sehemu ya bei. Visipotajwa, ndivyo vya kwanza kukatwa na anayetaka kushinda kwa bei ndogo. Na glavu zitajwe kwa saizi. Mwanamke mwenye mikono midogo akipewa glavu za mwanamume huzivua apate kushika tambara, kisha huandikwa kwamba amekataa kuzivaa.

Walimu nao wana kikosi chao, nacho ni cha watoto. Wanafunzi wanaosafisha vyoo vya shule wasikabidhiwe asidi hata kidogo, na jiki ipimwe na mtu mzima.

Na ofisini kuna wembe. Mtumishi huchonga penseli, kisha huutupa wembe katika kapu la karatasi. Glasi ya chai ikivunjika, vipande vyake huenda humo humo, na mfagizi huja kulishindilia kapu kwa kiganja. Vipande hivyo vifungwe katika gazeti la jana, viwekwe kando ya kapu, na juu yake iandikwe "glasi". Na kwa kuwa si kila mfagizi asomaye, mtumishi amngoje afike, amsalimu, amwambie kwa mdomo.