Mzee Akisahau, Usimwite Mchawi



Mama mzee ametia chumvi mara mbili katika sombe. Ameacha sufuria motoni, akatoka. Sokoni hesabu zinamshinda. Nyumbani wananong'ona: "Huyu ni mchawi."

Hapana, wapendwa. Ubongo ni kiungo, unachoka kama goti. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayopanga kazi: nini kitangulie, nini kifuate. Ikidhoofika, mtu bado anajua kupika, lakini hatua zinampotea. Si wote wanaozidiwa. Wengine hubaki hivyo, wengine hupata nafuu. Tansio ya damu nayo huumiza ubongo. Mpelekeni kituo cha afya apimwe.

Mimi niliwahi kuitwa nimfukuze pepo mzee mmoja "asiyejibu watu". Nilipaza sauti kwa maombi, ndipo akageuka. Kumbe masikio yalikuwa mazito! Niliona haya mbele za Mungu.

Katika Zaburi ya 71 mzee anaomba asitupwe uzeeni. Mungu hamtupi, sisi ni nani tumtupe? Leo kaa naye jikoni, mwonyeshe hatua moja, kisha nyingine. Hiyo nayo ni ibada. Amina.