Makala ya Gazeti na Makala ya Jikoni

 

Leo tutazame neno moja: makala. Tuseme mama mmoja wa Kiyao, mzaliwa wa Masasi aliyeolewa Chilangala, yumo katika darasa la kisomo. Mwalimu ampa gazeti. Mama asoma vizuri, herufi kwa herufi: "Makala ya Leo." Kisha auliza, "Gunia ni shilingi ngapi?" Darasa zima lacheka, na mama aazimia moyoni asirudi tena.

Je, alikosa? Hakukosa kusoma. Kwa Kiyao makala ni makaa ya moto. Moja ni likala, mengi ni makala. Kinyanja cha Ziwa Nyasa nacho husema makala, hata Kilingala huko Kongo. Ni neno la kale la Kibantu. Kiswahili ndicho kilichoangusha ile l ya katikati, kikabaki na makaa. Linganisheni: Wanyanja husema njala na mvula, sisi twasema njaa na mvua. Basi mama yule hakuharibu neno. Alishika umbo la zamani ambalo Kiswahili kimelipoteza.

Na makala ya gazeti yatoka wapi? Yatoka katika neno la Kiarabu maqala, lenye shina moja na neno letu kauli. Yote mawili yahusu kusema. Kwa hiyo makala ya gazeti na makala ya jikoni si ndugu. Yamekutana njiani tu, yakafanana sura.

Mtayatenganishaje? Ondoeni ma. Makaa yatoa kaa moja, na kwa Kiyao likala moja. Ma hiyo ni ya wingi. Lakini gazeti halina "kala" moja, kwani ma hiyo ni sehemu ya neno lenyewe. Hata hivyo masikio yetu huisikia kama ya wingi, ndiyo sababu wengine huandika "makala haya" hata ikiwa ni moja, na wengine "makala hii".

Basi, mwenzako akilipa neno maana nyingine, usimcheke. Muulize: "Kwenu neno hili ni nini?" Huenda akakufundisha.

Kazi ya nyumbani: kila mmoja aandike neno moja la kwao linalofanana na la Kiswahili lakini lina maana nyingine. Na aliyechekwa arudi darasani. Kwaherini.