Taarifa za mgonjwa ni za mgonjwa: niliyozungumza na vijana wa Haydom

Wengi ambao hawakufika kwenye kikao chetu cha Haydom wameniomba niweke hapa nilichosema. Nimekiacha karibu kama kilivyotoka mdomoni.

Wazee wetu, mama zetu, viongozi wa matawi ya Mbulu na Hanang, makamanda vijana: saita! Bwana Yesu asifiwe! Asalaam aleikum!

Najua mlitegemea niongelee barabara ya Mbulu, au bei ya kitunguu swaumu. Hayo yana siku yake. Leo naomba tuongelee daftari.

Lile daftari dogo unalonunua dukani kabla hujaingia zahanati, kila mmoja hapa analijua. Tabibu anaandika humo presha yako, vipimo vyako, dawa aliyokupa. Likilowa na mvua, likiliwa na panya, ukilisahau nyumbani, basi historia yako ya ugonjwa imeishia hapo. Unaanza upya kama mtu aliyezaliwa jana.

Mtaniambia, "Kamanda, siku hizi kuna kompyuta." Kweli zipo. Vituo vingi vya halmashauri vinatumia mfumo wa GoTHOMIS uliotengenezwa chini ya TAMISEMI. Hospitali za mashirika ya dini na za watu binafsi zina mifumo yao. Bima ya Taifa, NHIF, ina wake wa madai. Wanaotumia dawa za kufubaza virusi wana wa kwao kliniki ya CTC. Na vile vitabu vikubwa vya MTUHA, tarakimu zake zinaingizwa kwenye DHIS2, mfumo uliosambazwa nchi nzima kufikia mwaka 2013, ili Wizara ijue wangapi wameugua malaria na wangapi wamejifungua.

Sasa sikilizeni vizuri. Tarakimu hizo zinapanda: zahanati kwenda wilayani, wilayani kwenda mkoani, mkoani kwenda Dodoma. Zinapanda bila majina, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini taarifa za mgonjwa mwenyewe hazivuki kirahisi kutoka kituo kimoja kwenda cha jirani, hasa kutoka mtandao wa Serikali kwenda wa kanisa. Dodoma inajua idadi yetu, ila daktari aliyesimama mbele yako hajui habari zako.

Chukua mama wa Basotu. Mtoto wa kwanza alijifungua kwa upasuaji mahali pengine, miaka mitatu iliyopita. Leo uchungu umemshika usiku, analetwa Haydom, kadi ya kliniki imebaki nyumbani. Mkunga anahitaji kujua: kidonda kile kilikatwa vipi? Damu yake ni kundi gani? Aliwahi kudhurika na dawa yoyote? Majibu yapo, yameandikwa, yamekaa kabatini au kwenye kompyuta ya kituo kingine. Mama huyu akipata bahati anarudia vipimo na ndugu wanalipa mara ya pili. Akikosa bahati, mnajua wenyewe.

Na msidhani ni hadithi ya mtu mmoja mmoja tu. Tarehe 3 Desemba 2023 tope la mlima Hanang lilishuka Katesh na vijiji vya jirani. Tulizika zaidi ya watu 80. Nyumba ilipokwenda, kadi na daftari vilikwenda nayo. Mtu wa kisukari, mtu wa kifafa, mtoto wa chanjo, wote wangemwonyesha nini muuguzi?

Kwetu hapa jambo hili lina uzito kuliko kwingine. Hospitali hii ilianzishwa mwaka 1955 na wamisionari wa Kilutheri kutoka Norwei, leo iko chini ya KKKT Dayosisi ya Mbulu. Wanakuja Wairaqw, Wadatoga, Wahadzabe wa Yaeda Chini, Wanyiramba kutoka upande wa Singida. Mgonjwa wetu anavuka mpaka wa wilaya na wa mkoa, anatoka zahanati ya Serikali anaingia hospitali ya kanisa, pengine anapelekwa KCMC Moshi. Magonjwa hayasomi ramani ya halmashauri.

Kwa hiyo mifumo izungumze? Ndiyo. Lakini hapa ndipo siasa inapoingia. Mifumo ikizungumza, nani anasikiliza?

Haydom ni mji mdogo, jamani. Karani wa mapokezi ni shemeji yako, na jirani yake ni balozi wa chama tawala. Binti aliyepima VVU, mzee aliyetibiwa msongo wa mawazo, kijana mpinzani aliyelazwa, faili lake likifunguka kwenye kila kompyuta ya nchi, nani atajua nani alilifungua? Mtu akiogopa hilo haendi hospitali. Anabaki nyumbani na ugonjwa wake.

Sheria hatujakosa kabisa. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka majibu ya kipimo yawe siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Sheria hiyo inaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti: kwa kawaida hazichakatwi bila ridhaa yako ya maandishi, na ina mlango wa dharura kwa asiyeweza kusema. Pia inakupa haki ya kuziona na kutaka zirekebishwe.

Nzuri. Lakini sheria hiyo inaongelea taarifa zote, za benki na za simu humo humo. Haimwambii mkunga wa saa nane usiku amwombe nani faili la mama wa Basotu, wala lifike ndani ya muda gani. Na sasa tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Bima ya wote maana yake taarifa za wote. Kanuni ziwekwe vizuri sasa, siyo baada ya watu kuumia.

Wenzetu wametuonyesha njia na mashimo yake. Kenya walipitisha Sheria ya Afya ya Kidijitali mwaka 2023. Julai 2024 Mahakama Kuu ikasema ni kinyume cha Katiba, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Baadaye Mahakama ya Rufani ikasimamisha hukumu hiyo. Marekani yenye hela zote, mwaka 2016 ilibidi itunge sheria ya kuzikataza hospitali na kampuni za programu kukalia taarifa za mgonjwa.

Basi sisi vijana tunasema hivi.

Moja, kanuni za kubadilishana taarifa za wagonjwa zijadiliwe hadharani, hadi huku kwetu, na zipite bungeni. Waraka wa wizara hautoshi.

Mbili, taarifa ni za mgonjwa. Akitaka nakala apewe bure, kwa Kiswahili, hata kama anadaiwa.

Tatu, kila anayefungua faili aache alama yake, na mgonjwa aruhusiwe kuona orodha hiyo. Polisi au kiongozi akitaka faili, alete amri ya mahakama.

Nne, hospitali za dini na za Serikali ziunganishwe kwa masharti sawa, na gharama ya kuunganisha isibebeshwe mgonjwa. Mfumo ufanye kazi umeme na mtandao vikikatika, maana huku vinakatika.

Tano, asiye na namba ya NIDA asiachwe nje. Na majina yetu yaheshimiwe! Jina la Kiiraqw lina q na x. Karani mmoja anaandika q, mwingine k, kompyuta inaona watu wawili. Nusu ya ugonjwa wako iko kwa mmoja, nusu kwa mwingine.

Kazi ya kuanza nayo wiki hii ni ndogo. Nenda kituo chako, omba kwa maandishi nakala ya taarifa zako, kwa adabu. Wauguzi siyo adui zetu, wanafanya kazi ngumu kwa vifaa vichache. Ukijibiwa au usipojibiwa, andika tarehe, leta tawini. Muulizeni diwani, iulizeni kamati ya kituo: taarifa zetu zinakwenda wapi na nani anaziona? Tukishakusanya majibu, tutayapeleka kwa Tume na kwa mbunge, yakiwa na tarehe na vituo, ila bila jina la mgonjwa hata mmoja.

Siri ya mgonjwa inaanzia kwetu.